Nani Mwenye Mashine? Historia Fupi ya Michezo ya Kompyuta na Programu Huria



Mhariri wa gazeti letu aliponitaka nichange makala kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani, alinipa hiari ya kuchagua mada, ila alinionya nisiandike tena juu ya mechi zetu na shule jirani, maana habari hizo zimekwisha andikwa mara nyingi na matokeo hayabadiliki. Nimeona basi niandike juu ya jambo ambalo nimelipenda tangu nikiwa Kidato cha Pili, nalo ni michezo ya kompyuta, mashine zake, na zile programu ambazo siku hizi huitwa programu huria.

Najua wako watakaocheka kuona mtumishi wa serikali mwenye mvi mbili tatu akiandika juu ya michezo. Nawaomba wavumilie. Nataka kueleza historia ya swali moja tu: mtu akishanunua mashine kwa fedha yake, mwenye mashine ni nani? Swali hili litaletwa mbele yetu mkutanoni, kwa kuwa kamati ya Umoja wetu imependekeza tuchange fedha za chumba cha kompyuta cha shule. Nitalirudia mwishoni. Kwanza tuangalie mambo yalikotoka.

KASETI YA NJANO

Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1995. Televisheni ilikuwa imeanza Tanzania Bara mwaka mmoja tu nyuma yake, na mjini, karibu na stendi ya mabasi, mzee mmoja alikuwa na kibanda chenye televisheni ndogo na mashine ya michezo ya kaseti za njano. Ulitoa sarafu, ukacheza mpaka ukafa, ukampisha mwenzako. Wanafunzi tulikatazwa kwenda huko, na kwa hiyo tulikwenda.

Siku moja mwenzetu wa bweni, kijana mpole aliyependa sana Fizikia, alimwomba mzee yule kaseti iliyoharibika, akaja nayo shuleni ndani ya mfuko wa daftari. Usiku, baada ya taa kuzimwa, tuliifungua kwa kisu cha mkate tukimulika kwa tochi. Ndani tulikuta kibao kidogo cha kijani, na katikati yake tone jeusi lililoganda kama lami. Basi. Hapakuwa na kitu kingine. Kiranja alitukuta tukilikwangua lile tone, na asubuhi tulisimama mbele ya Mkuu wa Shule. Alipotuuliza tulikuwa tunatafuta nini, yule mwenzetu alijibu kwa adabu, "Mwalimu, tulitaka kuona mchezo unakaa wapi." Tulifyeka nyasi nyuma ya bwalo siku tatu.

Miaka imepita, nami nimejua kwamba lile tone lilikuwa gundi ya kufunika chipu, lililowekwa ili kupunguza gharama za kiwanda. Nimejua pia kwa nini mashine zile zilifika hadi stendi yetu. Zilikuwa nakala za mashine ya Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliitoa mwaka 1983. Famicom ya Japani haikuwa na kufuli la kuzuia kaseti za watu wengine. Kwa hiyo viwanda vya Asia viliiga mashine na kaseti zake, na watoto wa Afrika, Urusi na Asia wakacheza. Lakini tusichanganye mambo: kunakili kitu bila ruhusa ya mwenyewe hakukifanyi kiwe huria. Sisi tulipata mchezo, hatukupata elimu ya mchezo. Tone la lami lilibaki pale pale.

MCHEZO WA KWANZA ULIKUWA WA WOTE

Vijana wengi hudhani kwamba programu zilianza zikiwa siri za makampuni, kisha wakatokea watu wema wakazifungua. Historia inasema kinyume chake.

Mwaka 1961 chuo cha MIT cha Marekani kilipewa kompyuta ya PDP-1 na kampuni ya Digital Equipment Corporation. Mashine ya namna hiyo iliuzwa kwa dola 120,000 hivi. Vijana wa chuo waliruhusiwa kuitumia saa za usiku, na mwaka 1962 mmoja wao, Steve Russell, aliandika mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, ukaitwa Spacewar!. Maandishi ya programu yake yalikaa wazi kwenye utepe wa karatasi, na kila aliyetaka aliyasoma.

Tazameni kilichotokea. Peter Samson hakuridhika na nyota zilizotawanywa ovyo kwenye kioo. Akaandika sehemu ya kuonyesha nyota za kweli za angani mahali pake pa kweli. Dan Edwards akaongeza nguvu ya uvutano ya jua lililo katikati. Martin Graetz akaongeza njia ya chombo kutoweka na kutokea mahali pengine. Kisha, viwiko vya wachezaji vilipoanza kuuma kwa kubonyeza swichi za mashine, Alan Kotok na Bob Saunders walitengeneza visanduku vidogo vya kushika mkononi, vyenye vishikizo na kitufe. Hivyo ni miongoni mwa mababu wa vidhibiti mnavyovishika leo. Kila mmoja alianzia pale mwenzake alipofikia, wala hakuna aliyemwomba mwenzake kibali.

Russell hakupata fedha kwa mchezo ule. Digital ilifurahi kuutumia kama programu ya kupima mashine mpya, maana uliichosha kila sehemu ya kompyuta. Baadaye Nolan Bushnell, aliyeuona mchezo huo, alishirikiana na Ted Dabney kutengeneza mashine ya kulipia kwa sarafu mwaka 1971, na mwaka 1972 wakaanzisha kampuni ya Atari. Biashara ya michezo ya video ilianzia hapo. Kwa maneno mengine, ilichota maji katika kisima kilichochimbwa na watu wengine. Sisemi kwamba walifanya kosa. Nasema tu kisima kikumbukwe.

MCHEZO ULIOZAA MFUMO

Jambo la pili nalipenda zaidi, nalo naomba wadogo zangu mlioko shuleni mlishike. Mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson aliandika mchezo wa kusafiri kati ya sayari, ulioitwa Space Travel. Aliuchezea kwenye kompyuta kubwa ya kazi, na kila mchezo mmoja ulikula muda wa mashine wenye thamani ya dola 75 hivi. Kwa mshahara wowote hayo ni matumizi mabaya ya mali ya ofisi. Akatafuta mashine nyingine, akaona PDP-7 ndogo iliyokuwa haitumiwi sana. Akiwa na mwenzake Dennis Ritchie, akauhamishia mchezo wake huko. Kazi hiyo iliwafunza kuandaa programu za mashine ile tangu mwanzo, na mara Thompson akaijengea mfumo wake endeshi. Huo ndio Unix.

Hapana shaka kwamba Unix ungeweza kuzaliwa kwa njia nyingine. Lakini kwa kweli ulizaliwa kwa njia hiyo: mtu alitaka kucheza, na palikuwa na mashine ambayo hakuna aliyemkataza kuifungua. Na kwa kuwa kampuni ya AT&T, yenye maabara hizo, ilibanwa na makubaliano ya mahakama ya mwaka 1956 isifanye biashara nje ya simu, iliwapa vyuo vikuu Unix pamoja na maandishi yake kwa ada ndogo. Kizazi kizima cha wataalamu kilijifunza kwa kuyasoma. AT&T ilipovunjwa mwaka 1984, kizuizi kile kikaondoka, na bei ya kuyasoma maandishi yale ikapanda.

KUFULI LAINGIA

Wakati huohuo mlango wa upande wa pili ulikuwa unafungwa. Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa bado kijana, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wanainakili programu ya kampuni yake bila kulipa. Alikuwa na hoja: mwandishi naye anakula. Lakini tangu siku hizo programu ilianza kuhesabiwa bidhaa iliyofungwa, ambayo mnunuzi anaitumia bila kuiona ndani.

Katika mashine za michezo kufuli lilikuwa la kweli, la chuma na silikoni. Mwaka 1983 soko la michezo la Marekani lilianguka vibaya, na moja ya sababu ilikuwa wingi wa michezo mibovu iliyotolewa na kila mtu. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985, iliweka ndani ya mashine yake chipu ya kufuli, na ndani ya kila kaseti iliyoidhinishwa ikaweka chipu ya ufunguo. Kaseti isiyo na ufunguo haikuchezeka. Watengenezaji wa nje walipewa leseni yenye masharti, na kwa kawaida hawakuruhusiwa kutoa michezo zaidi ya mitano kwa mwaka.

Atari walijaribu kulivunja kufuli hilo. Waliposhindwa kwa utaalamu wao, walipata maandishi ya siri ya chipu hiyo katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwa kutoa maelezo yasiyo ya kweli. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikawa upande wa Nintendo. Mimi siwatetei Atari. Uongo ni uongo. Lakini tangu wakati huo tulizoea jambo ambalo baba zetu wasingelikubali. Hebu fikiri, ndugu msomaji, umenunua baiskeli dukani, nayo nati zake zote zimechomelewa, na fundi wa kijijini akijaribu kuzifungua anashtakiwa. Ungeiita baiskeli yako?

PRINTA MOJA NA KIJANA WA HELSINKI

Aliyekataa waziwazi mazoea hayo ni Richard Stallman, ambaye alikuwa MIT, chuo kilekile cha Spacewar!. Maabara yao ilipewa printa ya Xerox iliyokwama karatasi mara kwa mara. Printa ya zamani walikuwa wameirekebisha wenyewe ili ipeleke taarifa inapokwama. Hii mpya hawakuweza, kwa kuwa hawakuwa na maandishi ya programu yake, na mtu aliyekuwa nayo alikataa kuwapa kwa sababu alikuwa ameweka ahadi ya kutunza siri. Mwaka 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake ya GPL.

Leseni hiyo ni ya werevu mkubwa, nami kama mtu wa mafaili naivulia kofia. Inatumia sheria ya hakimiliki kuulinda uhuru wa msomaji: chukua programu, isome, irekebishe, hata iuze, ila ukiwagawia wengine, wape na maandishi yake, na haki zilezile ulizopewa wewe.

GNU ilikosa kiini chake. Kiini kilikuja kutoka Finland, kwa kijana Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Babu yake, profesa wa takwimu, ndiye aliyemfundisha kompyuta akimkalisha mbele ya mashine ndogo ya Commodore VIC-20. Januari 1991 alinunua kompyuta yake ya 386, na alipokuwa akisubiri diski za mfumo aliouagiza, alishinda akicheza Prince of Persia. Agosti mwaka huohuo alitangaza mfumo wake, na mwaka 1992 akauweka chini ya leseni ya GPL. Leo Linux ndiyo kiini cha simu za Android mlizo nazo mifukoni, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti.

Hata watu wa michezo waliguswa. Desemba 1993 kampuni ya id Software ilitoa mchezo wa Doom, uliopendwa dunia nzima. Desemba 1997 ikatoa maandishi ya programu yake wazi, na mwaka 1999 ikayaweka chini ya GPL. Picha na sauti za mchezo zilibaki mali ya kampuni, lakini injini ilikuwa ya kila mtu. Tangu hapo Doom imeendeshwa kwenye mashine ambazo wenyewe hawakuwahi kuziota. Kampuni haikufa. John Carmack, mwandishi wake mkuu, hakudhalilika. Na vijana wengi walijifunza namna mchezo unavyojengwa kwa kuusoma, jambo ambalo sisi tulilitafuta kwa kisu cha mkate.

MLANGO ULIOFUNGULIWA, UKAFUNGWA

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwangu ni kiini cha makala haya. Novemba 2006 kampuni ya Sony ilitoa mashine ya PlayStation 3. Ilikuwa na prosesa ya ajabu iitwayo Cell, na ilikuwa na jambo la nadra: mwenye mashine aliruhusiwa kuweka mfumo mwingine, kama vile Linux, kando ya ule wa michezo. Mashine ya kuchezea ikawa kompyuta kamili. Vyuo viliinunua kwa ajili ya hesabu za sayansi. Jeshi la Anga la Marekani lilinunua zaidi ya mashine 1,700, likaziunganisha pamoja, na mwaka 2010 likazindua kompyuta kubwa kwa gharama ya dola milioni 2 hivi, fedha ndogo sana kwa kazi ya namna hiyo.

Kisha Sony ilibadili nia. Mashine nyembamba za mwaka 2009 zilikuja bila ruhusa hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2010 kijana mmoja wa Marekani alitangaza kwamba amepata njia ya kupenya ulinzi wa mashine, na tarehe 1 Aprili mwaka huohuo Sony ilitoa sasisho lililoondoa nafasi ya mfumo mwingine hata katika mashine zilizokwisha kununuliwa, ikisema ni kwa ajili ya usalama. Aliyekataa sasisho alifungiwa huduma za mtandao za mashine yake. Mtu alichagua kimoja: kucheza na wenzake au kuendelea na Linux yake. Vyote viwili alikuwa amevilipia siku moja, kwa risiti moja. Wanunuzi walikwenda mahakamani, na shauri likamalizika kwa maafikiano mwaka 2018.

Nasema tena kwa haki: kampuni ilikuwa na hofu ya wezi wa michezo, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini kilichoondolewa hakikuondolewa dukani. Kiliondolewa sebuleni mwa mtu, usiku, kupitia waya.

Mwaka 2013 Sony ilitoa PlayStation 4, na mfumo wake umejengwa juu ya FreeBSD, mfumo huria wa ukoo wa Unix. Leseni ya FreeBSD inamruhusu mtu achukue, arekebishe, na afunge. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ni vizuri lakini kijana anayesoma haya ajue kwamba leseni hazifanani: moja inampa uhuru yule wa kwanza kuchukua, nyingine inamfikishia uhuru yule wa mwisho kupokea. Mimi niko upande wa yule wa mwisho, kwa kuwa aghalabu yule wa mwisho ndiye sisi.

WALIOJARIBU NJIA NYINGINE

Ingekuwa makosa kumaliza kwa huzuni. Kwa miaka mingi mtu aliyependa Linux na michezo alihesabiwa kama anayetaka kuvua samaki juu ya mlima. Kadi za picha zilikuwa tatizo kubwa. Kampuni ya AMD ilianza mwaka 2007 kutoa maelezo ya kadi zake ili watu waziandikie programu. NVIDIA ilishika siri yake kwa muda mrefu, hata mwaka 2012 Torvalds, akiulizwa swali chuoni Finland, aliitolea kampuni hiyo tusi mbele ya kamera, tusi ambalo gazeti la shule haliwezi kulichapa. Mei 2022 NVIDIA nayo ikafungua sehemu ya programu zake za Linux. Haijafungua yote, lakini atakaye hupewa kidogokidogo.

Aliyegeuza mambo ni mfanyabiashara, tena kwa woga. Kampuni ya Valve, yenye duka la michezo liitwalo Steam, iliona mwaka 2012 kwamba Microsoft inaweka duka lake ndani ya Windows. Mkuu wake, Gabe Newell, alihofu kwamba mwenye nyumba ataanza kuuza bidhaa zilezile anazouza mpangaji. Mwaka 2013 Steam ikaja kwenye Linux. Mwaka 2015 zikatoka mashine zake za kwanza zenye mfumo wa Linux, nazo zikadoda, maana michezo ilikuwa michache. Hawakukata tamaa. Mwaka 2018 walitoa Proton, chombo kinachofanya michezo ya Windows iende kwenye Linux. Chombo hicho kimejengwa juu ya Wine, kazi ambayo watu wa kujitolea waliianza mwaka 1993. Miaka ishirini na mitano ya subira! Februari 2022 ikatoka Steam Deck, mashine ya kushika mkononi, ya bei nafuu kuliko zote ikiwa dola 399, inayotumia Linux. Mwenyewe anaruhusiwa kuifungua, kubadili vipuri vyake, na kuweka mfumo mwingine akipenda.

Si kwamba hapo uhuru umekamilika. Duka lenyewe la Steam limefungwa, michezo mingi ni siri, na mingine inayochezwa na watu wengi pamoja hukataa kabisa kwenda kwenye Linux kwa kuogopa udanganyifu. Hata hivyo, imethibitika kwamba mashine inaweza kuuzwa bila kuchomelewa nati, na duniani pasiharibike kitu.

NA SISI JE?

Wasomaji wetu wazee watakumbuka kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana husoma habari hiyo wakacheka. Mimi sicheki. Mashine za wakati ule zilikuja na wataalamu wa kigeni, na wataalamu walipoondoka, maarifa yaliondoka nao. Marufuku haikuwa dawa, lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli.

Na bado upo. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, kumbukumbu za wastaafu ziliwekwa kwenye programu iliyoandikwa na mkandarasi. Mkandarasi alifunga biashara. Leseni ikaisha mwezi wa Juni, na asubuhi ya Julai programu ikakataa kufunguka. Maandishi yake hatukuwa nayo. Hayakuwamo katika mkataba, na mmoja wa waliopitia mkataba ule ni mimi. Kwa miezi minne tulirudia mafaili ya karatasi, moja moja. Kati ya waliokaa kwenye benchi la nje wakisubiri alikuwamo mwalimu aliyenifundisha Hesabu hapa shuleni. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, faili langu limefungiwa na nani?" Sikuwa na jibu la heshima. Niliyempa jibu la dharura ni mimi, mwanafunzi wake, niliyejua historia yote hii na nikasaini.

Lakini tumewahi pia kufanya vema. Mwaka 2004, mwaka niliohitimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu maandishi ya OpenOffice yalikuwa wazi. Wanaisimu na wanafunzi wa kompyuta walikaa pamoja wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila amri. Hawakuomba kibali Ulaya wala Marekani. Walichukua, wakatafsiri, wakagawa, kama Samson na nyota zake.

USHAURI WANGU KWA UMOJA

Sasa nirudi kwenye chumba cha kompyuta. Kamati imeletewa mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua mashine mpya chache zilizofungwa kila kitu, kwa leseni ya kulipia kila mwaka. La pili ni kununua kompyuta za kawaida zilizokwisha tumika ofisini, nyingi zaidi kwa fedha ileile, kuziwekea Linux na programu huria, na kumlipa fundi wa kuwafundisha walimu wawili.

Nitapiga kura kwa la pili, nami nitasema sababu zake mkutanoni bila kuficha udhaifu wake. Mashine kuukuu huharibika. Walimu watahitaji subira. Wengine watasema kwamba waajiri wanataka Windows. Na ni kweli kwamba kijana anapaswa kuijua pia. Lakini leseni ya kila mwaka ni deni, na Umoja wetu tunaujua: mwaka wa kwanza michango humiminika, mwaka wa tatu mhazini huanza kupiga simu zisizopokelewa. Siku leseni itakapokatika, chumba kitafungwa, na mtoto atauliza kimefungwa na nani.

Nina ombi jingine, na hapa najua nitapata upinzani kwa walimu wa nidhamu. Waruhusuni vijana wacheze, Jumamosi mchana, kwa sharti moja: mchezo uwe ule ambao maandishi yake yamo ndani ya mashine, na kila mwisho wa muhula kila kikundi kionyeshe kitu kimoja walichokibadilisha. Hata kama ni rangi ya chombo, au jina la mchezo kwa Kiswahili. Atakayebadilisha rangi mwaka huu atauliza mwakani uvutano huandikwaje, na hapo mwalimu wa Fizikia atakuwa amepata mwanafunzi bila kiboko.

Ama yule mwenzetu wa kaseti ya njano, wengi mnamfahamu. Hutengeneza redio na simu katika mji wa kwao, na kila mwaka huja mkutanoni kwa basi la usiku. Nilipomweleza habari za makala haya alitaka kujua kama zile kompyuta zitakuwa na bisibisi. Nimemwambia nitaliweka katika bajeti.

Tukutane mkutanoni, ndugu zangu. Anayepinga na aje apinge kwa hoja; chai na maandazi vitakuwapo.